Klipu za bampa: usiuze kwa jina la gari, uza kwa tundu

Leo naongea na wale wanaouza vitu vidogo vya magari mtandaoni, hasa klipu, bolti na skrubu za kushikia bampa, grili, madigadi na ile kava ya chini ya injini. Ni biashara nzuri kiukweli. Mzigo mwepesi, hauozi, unaanza na mtaji mdogo. Na magari yetu mengi yameshapita mikononi mwa mafundi kadhaa kabla hayajafika kwa aliyenayo sasa, na kila fundi akifungua bampa anaacha klipu mbili tatu chini. Kwa hiyo wateja wapo, tena wa kutosha.

Shida ni kwamba ukikosea milimita mbili tu, umeharibu gari la mtu. Mimi nimeshaharibu moja, acha nianzie hapo.

Mteja alikuwa Singida, ana Noah. Aliona tangazo langu limeandikwa "Klipu za bampa Noah pisi 20", akanifuata inboksi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka na marejesho, nikajiona mjanja nikamuuliza, kaka, tundu lina ukubwa gani? Akachukua rula, akapima tundu la kwenye bampa, akanijibu 10. Nikafunga klipu za 10, nikapeleka stendi, zikaondoka na basi la asubuhi. Akapokea, akanishukuru, nikapost na ushuhuda wake kwenye status.

Kumbe huku kwa fundi mambo yalikuwa mengine. Klipu zilipita kwenye bampa vizuri, zilipofika kwenye chuma zikagoma. Fundi hakunipigia wala hakumwambia mteja. Alichukua drili akapanua matundu ya chuma mpaka klipu zikaingia. Wiki tatu baadaye napigiwa simu, jamaa yuko kando ya barabara karibu na Manyoni. Bampa limechomoka upande wa kushoto, madigadi imeshuka imelala juu ya tairi na tairi inaila. Ndani ya gari alikuwa na mke na watoto wawili. "Dada, klipu zako zimeniachia barabarani." Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nilimrudishia hela yote 16,000 na nauli ya basi 5,000, lakini hata mimi najua hela ndiyo ilikuwa kitu kidogo hapo. Gari lake lina matundu yaliyopanuliwa kwa mkono, si ya duara tena, rangi imetoka pembeni na kutu imeanza. Hakuna klipu ya saizi ya kawaida itakayoshika pale vizuri.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Mteja alipima sawa, ile 10 ilikuwa 10 kweli. Alipima tundu ambalo si lenyewe, na mimi sikumwambia lipi ni lenyewe kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui.

Iko hivi. Klipu inapita kwenye matundu mawili au zaidi. La kwanza liko kwenye plastiki ya juu, yaani bampa au madigadi. La mwisho liko kwenye kitu kinachoshikilia, mara nyingi ni chuma cha bodi, wakati mwingine ni plastiki nyingine ngumu. Tundu la juu mara nyingi linatengenezwa kubwa zaidi au la kurefuka kama yai, tena kwa makusudi. Plastiki inatanuka jua likiwaka na kusinyaa usiku, na anayefunga anahitaji nafasi ya kusogeza bampa likae sawa na fenda. Kwa hiyo tundu la juu halishiki chochote, linafunikwa na kichwa cha klipu basi. Miguu ya klipu inafunguka na kushika chini ya tundu la mwisho. Saizi ya klipu ni saizi ya tundu la mwisho. Kwa ile Noah la chuma lilikuwa 8.

Tangu siku ile siuzi klipu kwa jina la gari peke yake. Jina la gari linanisaidia kukisia, halinisaidii kufunga mzigo. Fikiria mwenyewe, mtu akikwambia "nataka klipu za Vitz", ni Vitz ipi? Iko iliyoanza 1999, iko ya 2005, iko ya 2010, miili mitatu tofauti kabisa. IST ziko mbili, ya 2002 na ya 2007. Halafu ndani ya gari hilo hilo moja, bampa lina klipu zake, madigadi ina zake, kava ya chini ina zake, na kava ya ndani ya mlango ina nyingine ambazo hazifanani hata kidogo. Ukiongeza na fundi aliyewahi kupanua matundu au kubadilisha bampa kwa la kopi, jina la gari halikwambii kitu.

Vipimo ninavyoomba ni vinne. Kipenyo cha tundu la mwisho ndicho cha kwanza, na kwenye magari ya Kijapani yanayokuja kwangu mara nyingi naangukia kati ya 6 na 10. Cha pili ni unene wa vitu vyote vinavyobanwa pamoja, plastiki pamoja na chuma, na kama kuna plastiki mbili zimepandana uzihesabu zote. Klipu ikiwa fupi kuliko unene, miguu haifiki upande wa pili, inafungukia ndani ya tundu na itatoka kwenye tuta la kwanza. Ikiwa ndefu mno itashika lakini bampa litacheza na kupiga kelele. Cha tatu ni upana wa kichwa. Hiki watu wanakidharau, wakati ndicho kinachozuia bampa lisipite juu ya klipu likaondoka. Kichwa lazima kifunike tundu la juu na kibaki na ukingo wa kutosha pande zote. Kama tundu la bampa limechanika, dawa yake ni klipu ya shina lile lile yenye kichwa kipana zaidi, au wosha pana chini ya kichwa. Usimpe mteja klipu nene zaidi, utamrudisha kwenye drili. Cha nne ni urefu wa shina, ili kujua kama nyuma kuna nafasi, maana sehemu nyingine nyuma ya tundu kuna bomba au nyaya.

Najua unachowaza. Mteja gani atapima yote hayo? Wengi hawana hata rula. Mimi mwenyewe venia kalipa niliiona mara ya mwisho Fomu Wani kwenye maabara ya fizikia, tukiigombania watu kumi. Ya kwangu niliyonunua ni ya plastiki na inatosha kabisa kwa kazi hii. Kwa mteja natumia njia ya karatasi. Anakunja karatasi kama ile ya kufungia karanga, nyembamba mbele pana nyuma, anaiingiza kwenye tundu la chuma taratibu mpaka ikwame. Anaweka alama ya kalamu pale ukingo wa tundu unapogusa, anaichomoa bila kuiachia ifunguke, anapima upana wake kwenye ile alama. Asipokuwa na rula kabisa, aende kwa fundi yeyote mwenye biti za drili, ajaribu ipi inapita kwenye tundu bila kucheza. Biti zina namba zake. Mwambie ni kwa kupimia tu, isifungwe kwenye drili. Nasema kwa uchungu hapo.

Kama klipu ya zamani ipo, hata iliyovunjika, hiyo ni dhahabu. Omba picha mbili, moja ya kichwa kwa juu na moja ya ubavu, klipu ikiwa imelazwa juu ya rula yenyewe. Rula ikiwa chini na klipu imeshikwa hewani juu yake, klipu itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Simu iwe juu kabisa, isiwe ya mshazari. Nimepata hasara ya picha za mshazari zaidi ya mara moja. Pia ukiona mteja anaagiza kwa namba ya kiwandani, ipokee, ni rahisi kuliko yote. Namba za Toyota zinazoanza na 90467 ni za klipu, kwa hiyo akikutumia namba inayoanza hivyo unajua anaongelea nini, unaitafuta picha na vipimo vyake, unalinganisha na ulichonacho.

Kuhusu aina, tusiende mbali, nitaeleza zile zinazonunuliwa zaidi. Ya kwanza ni ya vipande viwili, mwili na pini ya katikati. Unaingiza mwili, unasukuma pini, miguu inafunguka. Hapa ndipo wateja wanapovunja klipu halafu wanasema umewauzia takataka. Ziko ambazo ili kuzitoa unainua pini juu kwa bisibisi bapa. Na ziko ambazo unasukuma pini ndani kidogo tu, inazama, miguu inalegea, unatoa yote. Hizi za pili ukitaka kuzirudisha lazima kwanza uitokeze pini juu, uingize mwili, ndipo usukume pini mpaka iwe sawa na kichwa. Ukiipiga nyundo ikazama mpaka ndani, haijafunga, imelegea. Fundi asiyejua atasema "hizi hazishiki". Kwa hiyo mimi ninapozituma naweka video ya sekunde kumi na tano WhatsApp, naifunga klipu na kuifungua kwenye bati. Malalamiko ya "hazishiki" yamepungua sana tangu nianze hivyo.

Ya pili inafanana na hiyo ila pini yake ni ya skrubu, ina alama ya msalaba. Ubaya wake ni vumbi. Ikikaa chini ya gari mwaka mzima, mchanga unaingia, ukizungusha pini inazunguka na mwili. Mwambie mteja ainue kichwa kidogo kwa bisibisi bapa huku anazungusha. Ya tatu ni yenye shina lenye matawi matawi kama mti wa mnazi uliogeuzwa, unasukuma tu inaingia. Hii ni nzuri kwa sehemu zisizofunguliwa mara kwa mara kwa sababu ikichomolewa matawi yanachoka. Usimuuzie mtu wa kava ya chini ya injini, pale panafunguliwa mara nyingi wakati wa kubadilisha oili. Klipu za ndani ya mlango ni dunia nyingine, zina shingo inayoingia kwenye mfuko wa plastiki wa kava, kwa hiyo pima na shingo. Hizo bila sampuli mimi sitoi.

Halafu kuna ubora, na hapa ndipo tunapopigwa sisi wauzaji wadogo. Klipu nzuri nyingi ni za nailoni au plastiki ngumu yenye kunesa. Za bei ya kutupwa mara nyingi ni plastiki laini au iliyorudiwa kuyeyushwa. Kwa macho ni nyeusi zote, zinang'aa zote. Mimi nimetengeneza kipimo changu. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea, akanipa kipande cha bati nene, akakitoboa matundu ya 6, 7, 8, 9 na 10. Kila mzigo mpya ukifika natoa klipu tatu bila kuchagua, naingiza na kutoa mara tano kila moja. Mguu ukikatika au ukibaki umejikunja, mzigo huo siuzi kwa ajili ya bampa. Ukiona mahali pa kukunja panageuka peupe mapema sana, hiyo nayo ni dalili mbaya. Ila uwe mwangalifu na kitu kimoja. Nailoni iliyokaa kavu muda mrefu inakuwa ngumu na inakatika kirahisi, ikinyonya unyevu inalainika. Kabla hujaulaani mzigo, loweka chache kwenye maji ya vuguvugu kwa saa kadhaa, jaribu tena. Nimewahi kumgombeza aliyeniuzia bure.

Lile bati limenisaidia pia kuchambua yale maboksi ya mchanganyiko, yale yenye vyumba vyumba na pisi mia na kitu. Wengi wanayanunua na kuyapost kama yalivyo, "boksi la klipu za magari yote". Hakuna klipu ya magari yote jamani. Mteja atatumia labda vyumba viwili, vingine vitabaki nyumbani kwake vinamkumbusha hela yake. Mimi nayafungua, napima kila chumba, naweka kwenye vifuko na kuandika kwa kalamu nzito: tundu 8, kichwa 18, shina 20. Kifuko kinachosema "Toyota" peke yake hakiruhusiwi kwenye shelfu yangu. Na usiamini maandishi ya kwenye boksi, pima mwenyewe. Nimekuta chumba kimeandikwa 8 ndani kuna 7 na nusu.

Tuje kwenye bolti, maana si kila kitu kinashikwa na klipu. Hapa kuna mtego mmoja wa lugha ambao umenigharimu. Fundi akisema "nataka bolti namba 10", anaongelea spana. Anamaanisha bolti inayofunguliwa kwa spana namba 10. Mimi mwanzoni nilituma bolti zenye unene wa milimita 10, kubwa kama kidole. Jamaa alicheka mpaka akanitumia voisi. Kwenye magari ya Kijapani bolti ya spana 10 ina unene wa milimita 6, na nyuzi zake zina nafasi ya milimita 1. Hiyo ndiyo utakayoulizwa zaidi ya zote kwenye fenda, bampa na kava. Ya spana 12 ina unene wa 8 na nyuzi za 1.25. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi, bolti ya unene wa 8 mara nyingi inakuja na kichwa cha spana 13. Usishtuke, nyuzi ni zile zile kama imeandikwa 1.25. Ila ukifika kwenye unene wa 10 kuwa macho, Wajapani wanatumia sana nyuzi za 1.25 na dukani wamejaza za 1.5. Itaingia mizunguko miwili, fundi atalazimisha, nati ya kwenye bodi itakufa.

Na zile za robo inchi ziache kabisa. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa macho ni kama ile ya 6. Nyuzi hazifanani. Inaanza vizuri inakukwamia katikati. Nati nyingi za pale zimechomelewa kwenye bodi kwa ndani, ukiziharibu hubadilishi kwa mkono, ni kazi ya kukata na kuchomelea. Mteja amenunua bolti ya mia tano, amepata bili ya fundi bodi.

Kichwa cha bolti nacho kina maana. Bolti za bampa na fenda nyingi zinakuja na wosha yake pana pamoja. Ile wosha inasambaza mbano ili plastiki isipasuke. Ukiuza bolti yenye kichwa kitupu, weka na wosha kwenye kifuko hicho hicho, usisubiri aombe. Na umwambie asikaze kama anakaza tairi. Inatosha ikigusa na kubana.

Kuna na nati za bati, zile zilizokunjwa kama herufi U, zinavalishwa ukingoni mwa plastiki au chuma halafu skrubu au bolti inaingia. Watu wanazipoteza sana kwa sababu zinadondoka fundi akifungua. Kwa hizo uliza vitu viwili zaidi, unene wa ukingo inapovalishwa, na umbali kutoka ukingoni mpaka katikati ya tundu. Ukikosea umbali, tundu la nati na tundu la bampa hayatakutana hata ufanyeje.

Sasa adui wetu mkubwa kwenye biashara hii si muuzaji mwenzetu. Ni skrubu nyeusi za jipsamu. Fundi anazo mfukoni, ni za bei ya chini, zinazama popote. Nakubali, ukiwa umekwama njiani ni bora skrubu kuliko bampa kuburuza. Lakini zile zimetengenezwa kwa ajili ya kushika bodi ya jipsamu ndani ya nyumba. Ni ngumu na zinakatika ghafla zikitikiswa, na rangi yake nyeusi haizuii kutu kwa muda. Hapa kwetu Dar na hewa ya chumvi, msimu mmoja wa mvua unatosha, utaona machozi ya kutu yanashuka kwenye bampa jeupe. Ubaya mwingine, klipu inaachia. Bampa likigonga kingo ya barabara, klipu inachomoka au inakatika, unaweka mpya, maisha yanaendelea. Skrubu haiachii, inaondoka na kipande cha bampa. Mteja akiniambia "kwani nisitumie skrubu?" namwambia hivyo hivyo, na wengi wanaelewa. Na upande wa pili pia ni kweli: pale kiwanda kilipoweka bolti, usimuuzie klipu kwa sababu ndiyo uliyonayo. Hasa kava ya chini karibu na bomba la moshi. Joto la pale linaimaliza plastiki, na kava ikining'inia barabarani mnajua mwisho wake.

Kuna vitu sivigusi. Klipu za zile kava za nguzo pembeni ya kioo cha mbele na juu ya milango, kama gari lina eabegi za pembeni, sizitoi hata akilia. Kwenye magari mengi hizo ni klipu maalumu zenye kamba au mkia wa kuzuia ile kava isirukie watu eabegi ikifunguka. Ukimpa ya kawaida inayofanana, itashika vizuri tu kila siku, na siku ya ajali ndiyo itajulikana. Nawaambia waende na namba ya gari lao kwa muuzaji wa vipuri halisi. Bolti za bawaba za boneti, za kufuli la boneti, za viti na za mikanda nazo hivyo hivyo. Hela yake naiona inapita na naiacha.

Kwenye tangazo, hivi ndivyo ninavyoandika siku hizi: "Klipu ya bampa na madigadi. Tundu la chuma 8mm, inabana unene mpaka 6mm, kichwa 18mm, shina 20mm. Pini ya kusukuma. Pisi 10 kwa 5,000. Pima tundu la CHUMA, usipime la bampa. Hujui kupima? Nitumie picha." Jina la gari naliweka mwishoni kabisa ili watu wanipate wakitafuta, na naandika "baadhi ya". Picha ya kwanza ni klipu juu ya rula, ya pili ni klipu imekaa kwenye lile bati langu, ionekane kwa chini jinsi miguu ilivyofunguka. Tangu niandike hivyo wanaouliza wamepungua, siwadanganyi. Lakini wanaonunua hawarudishi.

Kwa mteja wa mkoani natuma kwanza sampuli. Klipu tatu za saizi tatu, 7, 8 na 9, kwa 2,000 pamoja, naulizia kama kuna mtu anasafiri au zinaingia kwenye mzigo wa mtu mwingine wa mji huo. Akijaribu akaniambia ni ipi, natuma pisi zote na ile 2,000 naikata kwenye bei. Faida inachelewa siku mbili tatu. Nikikumbuka nauli ya kurudisha mzigo mzima naona ni sawa. Na kwenye kifuko naweka kikaratasi nimekiandika kwa mkono: "Fundi, klipu ikigoma kuingia USITOBOE. Piga namba hii, nakubadilishia bure." Kimeshapigiwa simu mara sita. Mara nne kosa lilikuwa la kwangu.

Yule kaka wa Singida bampa lake tulilimaliza kwa njia ya kuzunguka. Fundi bodi wa kule alikata bati dogo, akalichomelea juu ya kila tundu lililoharibika, akatoboa upya 8, akapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Nilichangia nusu ya gharama. Klipu za 8 nilimpa bure, pisi ishirini na tano, zile tano za akiba.

Ambaye nimekwama mimi ni klipu za magari ya Kijerumani, kuna wateja wawili wa Golf wameniuliza na sina sampuli hata moja. Kama kuna anayeuza humu, aweke kwenye koment picha ya klipu zake juu ya rula, nimtumie hao wateja.